Hata Ijumaa

Stambuli, leo nimepita Guraya kwa mguu.
Kisima chako kimezibwa kwa zege,
na juu ya zege kijana wa mbatata za karai
ameweka jiko. Hajui akaangia juu ya nini.

Siku ile nilikuwa mgeni wako.
Uliinuka kunitafutia kashata,
hukutaka ninywe kahawa tupu,
na ulipogeuza mgongo
nikatoa chupa ya maabara, kizibo cha buluu,
nikaizamisha katika ndoo iliyokuwa ukingoni.
Mkono haukutetemeka.
Hilo ndilo liniamshalo usiku.
Ungetetemeka, japo kidogo.

Maji yale ndiyo yaliyomwosha mama.
Mifereji mikavu siku ya tisa,
ukaleta mikokoteni miwili, madumu arubaini,
nami nilipopeleka mkono mfukoni ukanishika kifundo:
"Maji ya maiti hayauzwi."

Jumatatu sikukuficha.
Nilikuonyesha karatasi, nikakwambia
choo cha jirani kimekula ukuta wa chini.
Ukacheka: "Wanangu wayanywa hayo hayo."
Kisha hukucheka.
"Nipa hata Ijumaa. Nimalize deni la mikokoteni,
nikifunge mwenyewe, watu wasijue."
Nikasema, hata Ijumaa.
Tukapeana mkono.

Jumatano akaletwa mwana wa Mwanakombo, wa Majengo,
miaka minne, macho yameingia ndani,
ngozi ya tumbo ukiifinya yabaki imesimama.
Maji mwanunua kwa nani?
Mamake akalitaja jina lako kama mtu anayesifu:
"Kwa Stambuli. Yeye hukopesha."

Sikungoja Alhamisi.

Mkubwa wangu alinipiga bega: umeuokoa mji.
Mji upi? Nimeutafuta.
Kipindupindu kilikoma baada ya wiki mbili,
na wiki hiyo hiyo mvua ilikatika.
Nani ataniapia kilichokikomesha ni kipi?
Waliokufa nina majina yao, saba.
Wasiokufa hawana orodha.
Wako Marikiti, wagombania bei ya vitunguu,
na hakuna ajuaye kwamba yeye ndiye angekuwa wa nane.

Wewe una orodha.
Miezi minne Shimo la Tewa.
Bangili za mkeo, moja moja, kwa sonara.
Na mlangoni pangu, kwa makaa: KIKULACHO.
Sijalifuta. Mwandiko naujua, ni wa binti yako.
Mimi ndiye niliyemshika mkono akajifunza kuandika K.

Mwana wa Mwanakombo yu mzima, alhamdulillahi.
Juzi kanirushia kokwa ya ukwaju akakimbia.
Nikafurahi, kisha nikakukumbuka,
kisha nikakasirika, sijui na nani.

Ukiniuliza, ningekushitaki tena.
Usitarajie nikwambie vingine.
Lakini kuna jambo sikulisema mahakamani
wala halikuulizwa:
wawili katika wale saba ni wa Jumanne.
Jumanne, Stambuli. Siku niliyokupa.
Nilikupa siku zisizokuwa zangu,
kwa ajili ya mama, kwa ajili ya mikokoteni,
kisha nikakunyang'anya zilizobaki.
Wao nimewakosea kwa kuwa rafiki yako,
nawe nimekukosea kwa kuacha kuwa.
Watu husema nilichagua.
Nilichelewa tu, pande zote mbili.

Nilinunua mbatata za shilingi hamsini.
Kijana hakuwa na chenji. "Utachukua kesho," akasema,
akainua dumu la manjano animiminie maji ya kunawa.
Nikarudisha mikono nyuma.
Haya, nikamuuliza, umeyateka wapi?
Akanitazama,
dumu limeinama, maji yamwagika juu ya zege.